Wimbo Usio na Karatasi

Lanham, Maryland
14 Januari 2025

Mwanangu Edna,

Kosa ambalo watu wengi hulifanya ni kudhani kwamba kitu wanachokitumia kila siku ni chao. Mpangaji aliyekaa ndani ya nyumba miaka ishirini anaujua kila ufa wa ukuta, anajua bomba lipi hulia na mlango upi hugoma wakati wa mvua, na bado mwenye nyumba akibadilisha kufuli atabaki kibarazani na mkate wake mkononi.

Sisemi hivi kukulaumu. Mkwe wangu alinionyesha ujumbe wako kwenye simu yake: "Mwalimu, kuna hitilafu kidogo kwenye programu ya noti, usiwe na wasiwasi." Nimefundisha muda mrefu, Edna. Mwanafunzi aliyenikimbilia na kuniambia nisiwe na wasiwasi ndiye aliyekuwa amevunja kitu. Nieleze hitilafu yenyewe, tena kwa barua. Mimi na simu hatuelewani siku hizi, na goti langu haliniruhusu kuja kwenye mazoezi ya kwaya.

Unakumbuka programu yangu ya kwanza ya kuandika muziki? Niliinunua dukani Silver Spring, ndani ya boksi, pamoja na diski na kitabu kinene kama misale. Ilikuwa na sura mbaya na mwendo wa kobe. Lakini nilipokwisha kuiweka kwenye kompyuta ilifunguka kila nilipoitaka, na kampuni iliyoitengeneza ingekufa usiku ule, asubuhi ingefunguka vilevile. Kisha ukaja wewe na hii mpya ya kulipia kila mwezi. Ukaniambia, "Mwalimu, hii iko kwenye wingu, huna haja ya kubeba chochote." Nikakubali, na kwa haki nikiri kwamba ilikuwa nzuri. Nilisahihisha noti moja hapa Lanham, na Solomon na wenzake wa sauti ya tatu wakaiona kabla sijaondoa kidole. Boksi langu halikuweza hayo hata siku moja.

Kwa hiyo usinichukulie kuwa mzee anayechukia vipya. Ninachotaka uone ni tofauti. Pale mwanzo nilinunua chombo. Sasa kwaya inalipia ruhusa ya kuingia katika chumba ambamo vitu vyetu wenyewe vimewekwa.

Ombi langu ni moja. Ule wimbo nilioutunga mke wangu Violet alipofariki, "Umetangulia na Taa", niliuandika moja kwa moja kwenye programu hiyo. Kalamu ilikuwa inatetemeka, na kioo cha kompyuta kiliandika kwa mstari ulionyooka hata mkono wangu uliposhindwa. Katika nyimbo zangu zote ndio pekee ambao haujawahi kugusa karatasi. Mei hii tutamsomea misa ya mwaka. Naomba uuchape, sauti nne kwenye ukurasa mmoja, kwa herufi kubwa, na unitumie kwa posta.

Msalimie mumeo Fredy.

Mwalimu wako,
Silvanus


Sterling, Virginia
27 Januari 2025

Mwalimu, shikamoo.

Hitilafu si kidogo. Samahani nilisema kidogo.

Wameifungia akaunti ya kwaya. Niliamka nikakuta barua pepe, nikajaribu kuingia, ikakataa. Nikapiga simu. Baada ya kungojea na muziki wao (Mwalimu, ungelia, ngoma imepigwa na mashine na zeze limepigwa na mashine nyingine, na hizo mashine hazijuani) akaja kijana mmoja, mpole sana.

"Mama, akaunti hii ni ya mtu mmoja."

Nikamwambia ndiyo, ni ya kwaya moja.

"Mtu mmoja, mama."

Nikamwambia kwaya ni mwili mmoja wenye sauti nne. Nikasikia anaandika. Nafikiri aliandika kwamba mimi ni mgonjwa.

Kumbe mashine zao ziliona Jumapili moja kabla ya misa akaunti imefunguliwa Lanham, Oxon Hill, hapa Sterling, Bukoba, na Winnipeg kwa binamu yake Solomon, yote asubuhi ileile. Wakasema tumevunja masharti. Akaniuliza ni nani nilimpa neno la siri. Ningemjibu nini? Ni nani ambaye sikumpa? Lilikuwa "Aleluya", na mwaka jana tukaongeza namba moja mwishoni kwa ajili ya usalama. Tangu lini wimbo wa kwaya ukawa na nakala ya mtu mmoja? Wanakwaya wenzetu wa Bukoba wakituomba wimbo, niwaambie walipie kwanza ndipo wamsifu Mungu?

Unajua Fredy anafanya kazi kwenye yale majengo yasiyo na madirisha, anapoza mashine za hilo wingu. Nikamwomba achungulie tu, labda nyimbo zetu zipo. Akasema, "Mke wangu, mimi ni mtu wa feni. Inawezekana Mwalimu Silvanus nampulizia upepo kila siku, lakini haniambii." Nikamnyima chai.

Kwa hiyo siwezi kuuchapa wimbo wa Mama Violet. Lakini nina dawa. Ndani ya bahasha hii kuna flashi. Fredy ameweka rekodi ya siku ya mazishi, wimbo mzima, na sauti ni safi. Wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba mwanamuziki akikaa na penseli na utulivu anaweza kuandika chochote anachosikia. Nakumbuka ulivyokuwa ukimsimamisha Gervas wa besi katikati ya watu thelathini na kumwambia, "Wewe, umepanda nusu toni." Kwa sikio lile, ni jioni moja tu.

Nyimbo nyingine zote karatasi zake zipo kwangu, usijali.

Mwanao,
Edna


Lanham
10 Februari 2025

Mwanangu Edna,

Marahaba. Flashi imefika. Sijaisikiliza ipasavyo, na sitaahidi ni lini, maana baridi hii imenikalia gotini na goti likiuma akili yote hushuka huko.

Lakini tuzungumze juu ya rekodi, kwa sababu naona umeiweka mahali pa noti, na si mahali pake. Picha ya pilau haimfundishi mtu kupika. Rekodi inakuambia jinsi watu fulani walivyoimba siku fulani wakiwa na mafua fulani. Noti zinakuambia namna ya kuimba siku yoyote, hata kwa watu ambao hawajazaliwa. Ndiyo maana mtunzi akifa mapema wimbo unaweza kuendelea kuishi, mradi aliandika. Nyinyi mnaweza kuimba wimbo ule kwa kukumbuka, najua. Mimi naomba ukurasa.

Waandikie hao wa kampuni barua ya heshima. Usiwatukane, na usirudie ile hoja ya mwili mmoja wenye sauti nne, ingawa imenichekesha. Sema hivi: sisi ni wanakwaya, tulitumia vibaya kwa kutokujua, tuko tayari kulipia mpango wa kundi kama upo, na tunaomba tu kutoa kazi zetu wenyewe nje. Eleza tofauti kati ya programu, ambayo ni yao, na nyimbo, ambazo ni zetu. Mtu anayeazima jembe haachi mahindi yake kwa mwenye jembe. Andika kwa utaratibu na watakuelewa.

Wakati ukingoja, niletee lile boksi la bluu lenye karatasi zangu za zamani. Mikono yangu inataka kushika kitu.

Silvanus


Sterling
24 Februari 2025

Mwalimu, shikamoo.

Niliandika kama ulivyoniambia, hata Fredy alisema ni barua nzuri. Wamejibu kwa mistari mitatu. Masharti niliyakubali mwenyewe nilipofungua akaunti, kilichokuwemo hakitarejeshwa, na uamuzi huo ni wa mwisho. Mpango wa kundi tunakaribishwa kuanza upya, na wakaweka picha ya mtu anayetabasamu na gitaa.

Na sasa nikuambie lingine, maana umelitaja boksi. Boksi la bluu halipo, Mwalimu. Mwaka juzi maji yaliingia chumba cha chini cha nyumba yetu. Tulianika karatasi zako kwenye kamba kama nguo, lakini wino ulikuwa umeondoka. Sikukuambia, na Januari nikakudanganya kwamba zipo kwangu, kwa sababu nyimbo zote zilikuwa kwenye programu, nikajiambia hakuna kilichopotea. Ndiyo maana wakati ule nilikuhimiza sana uache karatasi. Nisamehe.

Lakini na wewe unisikilize. Rekodi unayo karibu mwezi mzima. Unanifundisha tofauti ya rekodi na noti, unanifundisha jembe na mahindi, na huandiki hata mstari mmoja. Wimbo ni wa mkeo! Watu wameanza kusema. Tangu mazishi hujaja mazoezini. Ukipigiwa simu, mkwe wako anasema umelala. Na juzi Anysie wa sauti ya pili alitoka Oxon Hill kwa basi, akibadilisha mara mbili, na sufuria ya lenga-lenga, ule mchicha wa kwao, mapajani ili akupelekee. Aligonga mlango hadi mkono ukauma. Anasema kupitia dirisha alikuona umekaa kwenye kiti unasoma. Hukuinua hata kichwa. Akarudi nayo.

Anysie hana maneno mengi, lakini alilia. Alisema, "Mwalimu ametuacha."

Kama tumekukosea kwa kuzipoteza nyimbo zako, sema. Tutukane kama ulivyokuwa ukimtukana Gervas. Ila usitususie.

Edna


Lanham
2 Machi 2025

Mwanangu Edna,

Sikumsikia.

Nilitaka kuiacha barua iishie hapo, lakini mimi siwezi kusema jambo bila kulieleza.

Masikio yangu yalianza kuondoka kabla ya Violet. Kwanza zilitoweka herufi nyembamba, s na f, watu wakawa wanazungumza kama wenye viazi vya moto mdomoni. Kisha ndege. Daktari alinipa mashine za masikio, nazo zinanisaidia kidogo mtu mmoja akizungumza mbele yangu polepole nikimtazama midomo. Simu ni mngurumo mtupu. Na muziki, Edna, muziki ndio umeharibika kuliko vyote. Sikio la kulia linasikia noti moja na la kushoto linasikia nyingine, na zote mbili si ile iliyoimbwa. Daktari anasema ndivyo inavyokuwa kwa baadhi ya watu, na hakuna mashine ya kuinyoosha. Nilimwomba mkwe wangu aniwekee ile rekodi. Nilisikia masufuria ndani ya gunia.

Siku ya mazishi nilisimama mbele yenu na kuwaongoza kwa mkono. Niliwatazama midomo. Sijawahi kuusikia wimbo ule ukiimbwa.

Lakini nikiona noti kwenye ukurasa, nasikia. Hapo masikio hayahitajiki. Besi iko mahali pake, sauti ya pili inapanda ninapoitaka ipande, hakuna kilichopinda. Usiku wa kuamkia mazishi niliuimbisha wimbo wote kwa kuutazama kwenye kile kioo, na ulikuwa mzuri. Kwa wengine ukurasa ni ramani ya kuendea kwenye wimbo. Kwangu hakuna wimbo mwingine zaidi ya ukurasa. Ndiyo maana nilikusumbua. Mei nitakaa kanisani mbele kabisa, mtaimba, nami nitapata masufuria, isipokuwa niwe na karatasi mkononi ya kufuata.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu mlizoea kuniona nikimsimamisha Gervas katikati ya watu thelathini. Nilitaka muendelee kumwona mtu yule.

Wasomee wote barua hii. Anza na Anysie.

Kuhusu boksi la bluu, futa machozi. Karatasi nayo hufa, kwa maji, kwa mchwa, kwa moto. Mtu aliyeweka kila kitu kwenye boksi moja chini ya ngazi hana ujanja kumzidi aliyeweka kila kitu kwenye wingu. Wimbo huokolewa na nakala nyingi katika mikono ya watu wengi. Nyinyi mlipompa kila mtu neno la siri mlikuwa mnafanya kile ambacho kwaya zetu zimefanya tangu zamani, kunakiliana. Tulichokosea ni kwamba tuliwapa watu ufunguo tukidhani tunawapa nakala. Kufuli ilipobadilishwa, funguo zote thelathini zikawa vyuma.

Sasa kazi. Wewe utauandika wimbo huo. Najua utasema huwezi. Fanya hivi.

Usianze na rekodi, anza na watu. Kila mmoja anaikumbuka sauti yake, hakuna anayeukumbuka wimbo. Waite sauti moja moja, wengine wakae nje. Anza na besi, kwa kuwa ndiyo sakafu. Tafuta do kwanza, uiimbe mpaka mwili uikubali, kisha uliza kila noti iko hatua ngapi kutoka kwake. Piga mguu, uandike mapigo kabla ya noti. Andika kwa solfa, usihangaike na mistari mitano. Solfa ni herufi tu, d, r, m, na herufi hazina mwenyewe. Utaziandika kwa penseli, nyuma ya bahasha, kwenye mashine yoyote ya leo au ya kesho, na hakuna atakayekuuliza umejisajili wapi.

Na jambo la mwisho: andika wanachoimba, si unachodhani niliandika.

Silvanus


Oxon Hill, Maryland
23 Machi 2025

Baba Mwalimu, jambo sana.

Ni mimi Anysie, ule wa sauti ya pili, mwenye aligonga mlango yenu. Edna alitusomea barua. Munisamehe, Baba. Siku ile nilirudi mu bus na hasira, nikafika nyumbani nikakula lenga-lenga yote peke yangu, na tumbo ikaniuma, kwa hiyo Mungu alishaniazibu. Miye nachunga wazee, ni kazi yangu ya kila siku, ningepaswa kujua. Mutu mwenye hasikie hafungue mlango. Hiyo si kiburi.

Sasa niwaambie habari ya répétition, mazoezi yetu. Edna anashika crayon, penseli yake, kama mwalimu wa primaire, anatutoa inje, anatuita kimoja kimoja. Sauti ya kwanza walimaliza mbio, wanajiona sana. Ya Solomon pia iko muzuri. Lakini besi! Papa Gervas aliimba mara ya kwanza hivi, mara ya pili vile, mara ya tatu hata malaika hawakuijua. Solomon akamwambia: "Kaka, chagua noti moja umuoe, uache kutembea na zote." Tulicheka mpaka concierge, mulinzi wa kanisa, akakuja kuangalia. Papa Gervas akasema, "Mwalimu angekuwa hapa mungeona." Halafu akaimba ya kweli, na macho ilikuwa na maji.

Shida ni sisi. Kwa mustari wa mwisho, pale tunasema "nifungulie", sisi sauti ya pili tuko watatu na tunaimba vitu vitatu. Kila mmoja anasema yake njo ya kweli. Mu rekodi kuko mutu anakohoa palepale, haisikike. Tulikaribia kupigana, Baba, mbele ya Bikira Maria.

Mutuambie. Muliandika nini pale?

Ni miye mtoto wenu,
Anysie


Lanham
30 Machi 2025

Anysie binti yangu,

Barua yako imenipa chakula kuliko sufuria. Mwambie Gervas nilimwona akiimba vibaya hata siku ya mazishi, kwa midomo tu.

Umeniuliza niliandika nini pale, nami nimekaa na swali hilo wiki nzima. Sikumbuki. Zamani nilikuwa nazijua nyimbo zangu zote kwa moyo, noti kwa noti, kwa kuwa nilizinakili kwa mkono mara nne, sauti kwa sauti, na mkono hufundisha kichwa. Wimbo huu sikuunakili. Niliuacha kule nikijua umehifadhiwa, na kichwa changu kikaona hakina kazi tena. Mimi ninayewafundisha wengine juu ya kufuli, nilikabidhi hata kumbukumbu yangu.

Msipigane. Mwambie Edna aache mahali hapo wazi, alete ukurasa kama ulivyo.

Silvanus


Sterling
9 Aprili 2025

Mwalimu, shikamoo.

Ukurasa huu hapa. Solfa, sauti nne, herufi kubwa. Nimefuta mara nyingi, utaona karatasi imekuwa nyembamba kwenye besi, na hiyo ni dhambi ya Gervas. Sauti ya pili kwenye mstari wa mwisho nimeacha wazi. Sauti nyingine pale zipo.

Ninaogopa kuituma. Nikisoma naona nukta na herufi tu, sijui kama nimeandika wimbo au nimeandika tu herufi. Ni wewe pekee utakayejua. Kama umeharibika niambie ukweli, bado muda upo kabla ya Mei.

Wenzangu wanauliza jambo moja, wameniagiza. Tukishamaliza, tujisajili tena kwenye zile programu au tuziache kabisa? Solomon anazitaka. Gervas anasema tumerudi kwa mababu na tubaki huko.

Anysie anasema safari ijayo akija hatagonga. Atapita nyuma akapunge kitambaa dirishani.

Edna


Lanham
22 Aprili 2025

Mwanangu Edna,

Umeandika wimbo.

Niliufungua mezani, nikashika do kama ninavyofanya siku zote, kwa kidole mezani. Besi ikaingia. Mjukuu wangu alikuwa karibu anakula nafaka zake, akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini natikisa kichwa, na nilimwona midomo lakini sikumjibu, maana sauti ya tatu ilikuwa inaanza. Ulikuwa wote pale. Nilimaliza, nikarudia. Mkwe wangu alipopita alinikuta natumia leso, akafikiri ni habari mbaya kutoka nyumbani.

Sasa nikuambie ukweli ulioutaka. Si ule niliouandika. Nina hakika juu ya mahali pamoja. Mimi nisingeipandisha sauti ya tatu kwenye "umetangulia", mimi ni mwoga wa mambo hayo. Ninyi mmeipandisha, kwa karibu mwaka mzima wa kuuimba kwenye misiba ya watu wengine, bila mtu kuwaambia. Ni nzuri kuliko yangu. Sijaifuta.

Mwambie Solomon ajisajili akitaka, na Gervas asimzuie. Kodi jembe kila msimu kama linalima vizuri, hakuna aibu. Ila mavuno yalale ghalani kwako. Wimbo ukikamilika, siku hiyohiyo utoke kwenye programu, uende kwenye karatasi, uende kwenye nyumba tatu zisizo na paa moja. Na Bukoba wapelekeeni nakala, msiwapelekee ufunguo.

Imebaki ile nafasi wazi. Nilijaribu kutafuta kilichokuwepo, na nikagundua kwamba aliyekiandika simwoni tena. Alikuwa mtu wa juma lile la mazishi. Hakika aliandika kilio, maana hakuwa na kingine. Mimi wa leo nimeweka noti tano mpya kwenye "nifungulie". Zinashuka, kisha ya mwisho inapanda hatua moja na kukaa hapo, kama mtu aliyefika mlangoni na kusikia mtu akija kufungua. Violet aliimba sauti ya pili maisha yake yote, na daima alipanda pale nilipomwandikia ashuke. Nilikuwa nikimsahihisha. Safari hii nimemwandikia anachotaka.

Sijazisikia na sitazisikia, lakini nazijua. Anysie akiona zinamkwama kooni, azibadilishe, asiniombe ruhusa. Wimbo ni wenu, na mwenye kitu ana haki ya kukigusa.

Nimeziandika kwa kalamu kwenye ukurasa wako uleule na kuurudisha ndani ya bahasha hii. Sikubaki na nakala. Kwa hiyo duniani kote noti hizo tano ziko mahali pamoja tu, mkononi mwako. Chukua penseli uzinakili leo.

Silvanus